Siku mbili Durban: ziara ipi tuchukue, na je, Wazanzibari wa huko ni kweli?

SWALI: Nakwenda Durban mwezi wa Julai kwa mkutano wa kazi, na baba yangu, mzee wa miaka 71, atafuatana nami. Mkutano unaisha Alhamisi, ndege ni Jumapili, kwa hiyo tuna Ijumaa na Jumamosi nzima. Wakala ametuletea ziara nne za siku moja: ya mjini kwa basi, ya Inanda, ya Bonde la Vilima Elfu, na ya Howick alikokamatwa Mandela. Mzee anatembea vizuri ila ngazi zinamtesa, na hataki kukosa swala ya Ijumaa. Isitoshe ameshikilia kwamba Durban kuna Wazanzibari tangu enzi za mababu. Sisi watoto tunaona ni hadithi tu. Tuchukue ipi, na tuulize nini kabla ya kutoa pesa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Mfikishie mzee shikamoo yangu, na umwambie ubishi ameshinda yeye. Wazanzibari wa Durban wapo, na mkipata mwongozaji anayejua kazi yake mtafika kwao Ijumaa hiyohiyo alasiri. Nitawaeleza mbele kidogo, maana habari yao haishikiki mpaka ujue kwanza mji huu ulivyokuwa ukiwapanga watu.

Kuhusu ziara, ningekuwa wewe ningeiacha ile ya basi. Ijumaa ningeshinda mjini, asubuhi kwa miguu na mchana kwa gari dogo. Jumamosi ningekwenda Inanda. Howick ni pazuri, ila kwa siku mlizonazo ni mbali. Nitaigusia kwa sababu wapo wasomaji wengine watakaokuwa na siku ya tatu. Bonde la Vilima Elfu lina mandhari ya kupendeza kweli, lakini wanachouziwa wageni huko zaidi ni kijiji cha maonyesho, ngoma za kupangiwa saa, na mamba ndani ya wigo. Mtu wa Tanga hana haja ya kupanda ndege kwenda kutazama mamba.

Basi ndilo linalouzwa sana kwa kuwa ndilo rahisi kuliendesha. Litawapitisha ufukweni, litawaonyesha uwanja wa Moses Mabhida, ukumbi wa jiji wa mwaka 1910 uliojengwa kwa kuiga ule wa Belfast, na mnara wa saa wa kumkumbuka Vasco da Gama kando ya bandari. Huyo bwana alipita pwani hii siku za Krismasi ya mwaka 1497, ndiyo maana ikaitwa Natal, na Aprili iliyofuata alikuwa Mombasa na Malindi. Kilichofuata katika safari ileile watu wa pwani yetu tunakijua vizuri kuliko wao. Yote hayo ni kweli na yanapigika picha kupitia kioo. Lakini mtashuka bila kujua kwa nini Wahindi wako mtaa huu, Wazulu wako kilomita 20 kule, na kwa nini njia zote za mabasi na treni zinakutana ukingoni mwa mji badala ya katikati.

Miaka yote niliyoongoza wageni hapa nimeshikilia jambo moja: historia ya Durban, ukiikamua, ni historia ya nani aliruhusiwa kulala mjini. Bandari ilitaka mikono, mashamba ya miwa yalitaka mikono, majumba ya Berea, mtaa wa Wazungu wenye pesa, yalitaka wapishi na madobi, lakini wenye mji hawakutaka wenye mikono hiyo wawe majirani zao. Kila mahali ninapowapeleka katika jibu hili ni mahali ambapo watu waliwekwa, walihamishwa au waligoma kuhama. Ziara isiyofuata uzi huo ni matembezi tu, na kwa matembezi ufukwe unatosha, tena bure.

Ijumaa anzeni Warwick, saa moja asubuhi. (Durban iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na huko wanahesabu saa kwa Kizungu, kwa hiyo mkiandikiana na mwongozaji hakikisheni mnasema saa ileile. Nimeona wageni wa kwetu wakisubiri hotelini hadi saa saba mchana.) Warwick ni makutano ya stesheni ya Berea, vituo vya daladala na mabasi, na masoko tisa yaliyobanana juu na chini ya madaraja ya barabara. Hesabu inayotajwa sana ni watu 460,000 wanaopita hapo kwa siku. Enzi za ubaguzi, magari na treni za kutoka vitongoji vya Waafrika na vya Wahindi yaliishia hapa, yasiwaingize abiria katikati ya mji wa Wazungu. Abiria wakateremka, mwenye tenga lake akalitua, mwenye sufuria akawasha moto, na kwa miaka mingi polisi wakawa kazi yao ni kuwafukuza. Barabara kubwa inayokatiza hapo iliitwa Warwick. Sasa inaitwa Julius Nyerere. Mpigeni mzee picha chini ya kibao chake.

Soko la kwanza kuingia ni lile la mboga, Soko la Alfajiri, lililo katika jengo lake la sasa tangu miaka ya 1930. Bamia, bizari mbichi, majani ya maboga, embe za achari: mzee atajiona yuko Ngamiani. Wauzaji wengi ni wajukuu na vitukuu vya vibarua wa Kihindi walioletwa kukata miwa. Jahazi la kwanza, Truro, lilitia nanga hapa Novemba 16, 1860 likitokea Madras, na hadi mwaka 1911 walikuwa wameletwa watu 152,184 kwa mikataba ya kazi. Waliomaliza mkataba wakakodi vipande vya ardhi, wakalima mboga, wakazileta mjini alfajiri. Mwaka 2009, Kombe la Dunia likikaribia, jiji lilitaka kulibomoa soko hilo lijengwe jengo kubwa la maduka. Wachuuzi, Wahindi kwa Waafrika, waligoma pamoja, wakapigwa risasi za mpira, wakaenda mahakamani, na mradi ukafa. Mwulizeni muuza mboga yeyote mwenye mvi. Atawasimulia bila kuacha kupima viazi.

Kutoka hapo ndipo soko la dawa za asili, na hili halina mfano wake. Liko juu ya daraja la barabara kuu ambalo ujenzi wake uliachwa njiani, likabaki linaning'inia. Wachuuzi wa dawa walikuwa wakilala chini kwenye lami na mizigo yao; miaka ya 1990 jiji likawapandisha juu ya daraja hilo na kuwajengea vibanda. Utalisikia kabla hujaliona: panga linakata mizizi juu ya gogo, kinu kinatwanga magome. Halafu harufu ya impepho, majani makavu ambayo Wazulu huyachoma wanapozungumza na wahenga wao. Kuna udongo mwekundu uliofinyangwa mipira, chokaa nyeupe, magome yaliyofungwa mafungu kwa kamba ya mti uleule, na ngozi ambazo ni heri usiulize ni za mnyama gani. Simu ikae mfukoni. Si kwa ajili ya wezi pekee: mganga anayempigia ramli mteja wake hapendi kupigwa picha, na mwongozaji mwema atawaombea ruhusa pale tu inapowezekana.

Chini yake wako akina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe. Nyama inachunwa kichwani kwa kisu, inakatwakatwa juu ya ubao, inanyunyiziwa chumvi na pilipili, inaliwa kwa mkate wa mvuke uitwao ujeqe. Mzee hatakula, kwa kuwa hakuna wa kumthibitishia uchinjaji, lakini asimame atazame mama mmoja anavyofungua taya kwa mapigo mawili ya shoka. Halafu soko la Brook Street, penye kofia, shanga na nguo, ambako katikati ya makelele yote kuna makaburi ya Waislamu na kuba la Badsha Peer, walii ambaye kwa mapokeo alikuja na vibarua wa mwaka 1860 na akafariki mwaka 1894. Ni mahali pa kumpumzisha mzee kivulini na kumsomea marehemu Fatiha.

Kuhusu ngazi: masoko haya yameunganishwa na madaraja ya waenda kwa miguu, kuna kupanda na kushuka. Mwambieni mwongozaji mapema, si siku yenyewe, apange njia ya chini chini. Soko la mboga na Brook Street yanafikika bila taabu. La dawa ndilo lililo juu, na mzee akichoka apumzike kwenye chai. Kuna shirika liitwalo Asiye eTafuleni linalofanya kazi na wachuuzi wa Warwick kwa miaka mingi, na ziara zao, Markets of Warwick, zinaongozwa na watu wanaosalimiwa kwa jina sokoni. Kwa eneo hili ningewachagua hao kabla ya kampuni yoyote yenye basi linalong'aa.

Kati ya saa nne na saa tano na nusu mna nafasi ya KwaMuhle, na hapa naomba msipite haraka, japo ni jumba dogo la makumbusho na kutoka nje halivutii. Ndiyo iliyokuwa ofisi ya jiji ya kusimamia Waafrika. Waafrika walipanga foleni hapo kupata kipande, yaani ruhusa ya kuwemo mjini; asiyekuwa na kazi aliambiwa aondoke. Ubunifu wa Durban ulikuwa katika kugharimia mfumo huo. Mwaka 1908 Natal ilipitisha sheria iliyoipa manispaa haki ya kuwa mpishi pekee wa pombe ya mtama inayouzwa mjini. Mama aliyepika yake nyumbani akawa mhalifu, na mwanamume mwenye kiu akabaki na vilabu vya manispaa. Faida ya vilabu ilijenga mabweni ya vibarua na kuendesha ofisi hiyo. Kila kata aliyokunywa mtu ilisaidia kumlipa karani aliyemgongea mhuri. Miji mingine ya Afrika Kusini ilikuja kujifunza na kuiga, na makoloni ya kwetu nayo yalijua vizuri biashara ya vilabu vya pombe. Wazee wa umri wa baba yako hawahitaji kutafsiriwa kitu humo ndani.

Swala ya Ijumaa ni pale Juma Masjid, mtaa uliokuwa Grey Street na sasa unaitwa Dr Yusuf Dadoo. Kiwanja kilinunuliwa mwaka 1881 na wafanyabiashara wa Kigujarati, wale waliojilipia nauli zao wenyewe kufuata soko la vibarua, na msikiti umekuwa ukiongezwa tangu hapo. Kwa muda mrefu ulisifiwa kuwa mkubwa kuliko yote kusini mwa dunia. Fikeni mapema, mitaa inajaa. Nawe, kama ni mwanamke, mwambie mwongozaji akuulizie mlango na sehemu ya wanawake kabla ya siku hiyo, kwa sababu misikiti ya huko haifanani na ya kwetu katika jambo hili na si vizuri kubahatisha mlangoni. Baada ya swala, pembeni tu kuna uchochoro wa maduka wa Madressa, na ng'ambo yake kanisa kuu la Kikatoliki la Emmanuel. Adhana, kengele na wauza udi, vyote ndani ya hatua mia mbili. Huu ulikuwa mji wa Wahindi ndani ya mji wa Wazungu. Sheria za kutenga maeneo zilijaribu kuufuta na hazikufaulu kabisa.

Chakula kiwe hapohapo: bunny chow, mkate uliokombwa kiini ukajazwa mchuzi. Agizeni robo kila mmoja, ya mbuzi au ya maharage. Nusu ni kwa mtu aliyetoka kulima. Inaliwa kwa mkono, na kile kiini kilichokombwa ndicho kijiko. Migahawa ya halali imejaa, hamtahangaika.

Sasa Wazanzibari. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza wa kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia usafirishaji wao baharini. Manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi, na kila jahazi likikamatwa palikuwa na swali: hawa watu wapelekwe wapi? Natal ilikuwa inalia njaa ya vibarua. Kuanzia mwaka huohuo wa 1873 hadi 1880 zaidi ya watu 500 walioachiwa huru walipelekwa Durban na kufungiwa mikataba ya kazi ya miaka mitano. Huru wa jahazini, kibarua wa mkataba bandarini. Kwa kuwa wengi walipitia Zanzibar, waliitwa Wazanzibari, ingawa sehemu kubwa walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Wengi walikuwa Waislamu, na wadhamini wa Juma Masjid ndio waliokuja kuwanunulia ardhi ya kukaa King's Rest, kwenye rasi ya Bluff inayoikinga bandari. Wakajenga, wakalima, wakavua, wakazikana hapo.

Makaburu walipoanza kumpa kila mtu rangi kwenye karatasi, hawa wakawa kitendawili. Ngozi inasema Waafrika. Msikiti, majina na ardhi ya wakfu vinasema vingine. Wakahangaishwa kutoka fungu hili hadi lile, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaandikwa kuwa "Waasia wengine". Ni upuuzi, lakini upuuzi uliowafaa: badala ya kupelekwa kwenye vitongoji vya Waafrika, walipohamishwa Bluff walipelekwa Chatsworth, mji waliotengewa Wahindi, na wakapewa nyumba za eneo la Bayview kwa pamoja. Ndiyo maana jamii haikutawanyika. Wako hapo hadi leo, wana msikiti wao, wanazungumza Kiingereza na Kizulu, na wazee wamekitunza Kimakua.

Nitamtahadharisha mzee mapema: asitarajie kupokewa kwa "hujambo" na kujibiwa kwa Kiswahili cha Mjini. Maneno mawili matatu ataambulia, nyimbo za dini na namna ya kuendesha maulidi atavitambua, na nyuso atazitambua zaidi. Pia Bayview si makumbusho. Hakuna lango, hakuna tiketi, ni mtaa wa watu wanaofua na kupika. Mwongozaji apige simu siku kadhaa kabla, aombe kuonana na mzee wa jamii, nanyi mwende kwa swala ya alasiri kama wageni wa msikiti, mkiwa na kitu mkononi kama tunavyofanya kwetu. Wakala akisema atawapitisha hapo kwa dakika 10 mpige picha nyumba, kataeni. Watu hao wameshapangwa na kutazamwa vya kutosha.

Njiani kwenda Chatsworth mwambieni dereva apitie Cato Manor, na hapo ndipo mtampima mwongozaji wenu. Mwulizeni habari ya Januari 1949. Mwaka huo, ugomvi mdogo mjini kati ya Mhindi na kijana wa Kiafrika uliwaka ukawa mauaji. Watu 142 walikufa, maduka na nyumba za Wahindi zikachomwa, na polisi wakaua wengi. Wahindi wengi wakaondoka Cato Manor, Waafrika wakajaa mabanda, na ndani ya miaka 10 palikuwa na mji mzima uitwao Umkhumbane. Jiji likaanza kuubomoa mwaka 1958. Juni 1959 akina mama waliochoshwa na msako wa pombe zao waliingia vilabu vya manispaa na fimbo, wakawatoa wanaume na kumwaga pombe chini. Januari 1960 polisi tisa waliuawa hapo katika msako. Wakazi wakapakiwa kwenye malori kwenda KwaMashu na Umlazi. Mwongozaji anayeruka 1949 kwa sababu "wageni hawapendi habari mbaya", au anayewalaumu upande mmoja tu kwa mdomo mwepesi, huyo atawapa historia ya bango la uwanja wa ndege. Mbaya zaidi hamtaelewa kilichotokea Phoenix, kitongoji walichotengewa Wahindi, Julai 2021, watu 36 walipouawa wakati wa ghasia, na kwa nini watu wanashusha sauti wakitaja mwezi huo.

Jumamosi, Inanda. Iko kama kilomita 25 kaskazini-magharibi, na nusu siku inatosha kwa mzee. Mtaanza na makazi ya Phoenix, shamba alilonunua Gandhi mwaka 1904 akahamishia hapo mtambo wa kuchapa gazeti lake, Indian Opinion. Nyumba mnayoiona ni ya kujengwa upya: ya awali iliteketea katika ghasia za mwaka 1985, na pakafunguliwa tena mwaka 2000. Mwongozaji mwingine atawaambia Gandhi alipigania Waafrika wote kutokea hapo. Si hivyo. Alikuwa wakili kijana wa Wahindi, na mambo mengi ya Waafrika hakuyaona kuwa yake. Lakini mwaka 1905 alimsikia jirani yake, John Dube, akihutubia, akamsifu kwenye gazeti.

Dube mwenyewe yuko kilomita chache kutoka hapo, Ohlange. Alisoma Marekani, akarudi akaanzisha shule mwanzoni mwa karne ya 20, ya kwanza nchini humo kuanzishwa na Mwafrika. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti la Kizulu, Ilanga lase Natal. Mwaka 1912 akachaguliwa rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Aprili 27, 1994, Mandela, mtu mzima wa miaka 75 ambaye hajawahi kupiga kura, angeweza kuipigia popote nchini. Akaja hapa. Baada ya kura akaenda kwenye kaburi la Dube kumpa taarifa kwamba nchi imekuwa huru. Watakusimulia kisa hiki mkiwa ndani ya gari. Msikubali, ombeni msimuliwe mkiwa mmesimama kaburini. Shule bado inaendelea, na Jumamosi kuna utulivu. Mwulizeni dereva gari linaweza kusogea hadi wapi, maana pana mwinuko. Shule ya wasichana ya Inanda Seminary, ya wamisionari wa Kimarekani tangu 1869, ni ya bweni na inahitaji ruhusa. Bila ruhusa iangalieni mkipita.

Jumamosi ina zawadi yake. Ndiyo siku ya ibada ya wafuasi wa Isaiah Shembe, nabii aliyeanzisha kanisa la Nazareth hapo Inanda karibu mwaka 1910, na Julai ni mwezi wa mkusanyiko wao mkubwa wa Ebuhleni. Barabara nzima utaona kanzu nyeupe, watu peku, wanawake na vilemba vya ndoa vya Kizulu. Kwenda kuwatazama ndani ya eneo lao ni kwa mwaliko na kwa masharti: viatu vinavuliwa, mwanamke anajifunika. Mkiwa na mtangulizi anayewajua, nendeni. Mkiwa hamna, mtaona mengi barabarani. Angalieni kalenda pia: Jumamosi ya kwanza ya Julai ni mashindano ya farasi ya Durban July, na siku hiyo magari hayasogei wala hoteli hazishikiki.

Kwa mwenye siku ya tatu, Howick ni kama kilomita 100 kwenda na nyingine kurudi, na njiani mnapita stesheni ya Pietermaritzburg, aliposhushwa Gandhi usiku wa Juni 7, 1893 kwa kukaa behewa la Wazungu. Mandela alikamatwa kando ya barabara mbele kidogo ya Howick, Agosti 5, 1962, akijifanya dereva wa Mzungu aliyekuwa naye garini. Watu wa kwetu tuna hisa katika safari ile: alikuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka ziara ya Afrika iliyomfikisha Mbeya na Dar es Salaam, akaonana na Nyerere, na alikuwa ametoka kumpa taarifa Albert Luthuli, rais wa ANC, kijijini Groutville. Leo kuna nguzo 50 za chuma ambazo ukizisogelea ni vyuma tu, ila ukisimama mita 35 mbele yake unaona uso wa Mandela. Njia ya kuteremka hadi hapo ni ndefu kidogo kwa magoti ya wazee. Na Julai 18, siku yake ya kuzaliwa, msongamano ni mkubwa.

Kabla ya kutoa pesa, mwulizeni wakala jina la mwongozaji mwenyewe, si la kampuni. Sheria ya huko inamtaka kila mwongoza watalii asajiliwe mkoani, awe na kadi na beji. Aonyeshe, hakuna ubaya. Dereva awe na kibali cha kubeba abiria na gari liwe na bima ya abiria, kwa sababu wapo wanaowabeba wageni kwa gari la nyumbani. Ulizeni mtakuwa wangapi. Zaidi ya wanane, Warwick inageuka kuwa maandamano. Ulizeni viingilio na chakula kama vimo ndani ya bei. Tipu ya asilimia 10 ni kawaida mkiridhika. Asubuhi za Julai zina baridi kwa mtu wa pwani, mzee abebe koti. Na jua linazama mapema, saa kumi na moja na dakika chache jioni, kwa hiyo ziara inayoahidi kuwarudisha "kabla ya giza" saa kumi na mbili haijatazama dirishani.

Mkiegesha gari, yule kijana mwenye kizibao cha kung'aa anayelinda magari huenda ni Mkongo wa Kivu au Mrundi. Wako wengi Durban. Mzee akimsalimia kwa Kiswahili watazungumza hadi asahau kuwa ana ziara. Randi chache mkononi mwake ni haki yake.

Wakala akidai malipo yote mbele, msilipe. Toeni arubuni, mwandikiwe risiti yenye jina la mwongozaji na saa ya kuchukuliwa hotelini, na salio mlitoe Ijumaa asubuhi mkishaiona beji.